Ni Nani Asemaye? Miundo ya Kiingereza ya Kutoa Maoni ya Wengi

Hotuba iliyotolewa katika bwalo la shule, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani



Kamati iliniomba niseme jambo litakalowafaa wanafunzi bila ya kuwachosha wazee, na kwa kuwa nimekula chumvi nyingi katika kazi ya kufundisha Kiingereza, nimeona nichague jambo moja la sarufi. Nataka tuangalie namna Kiingereza kinavyotoa maoni ya watu wengi: kinavyosema "sisi sote twaona hivi", "watu husema hivi", "inaaminika hivi", na namna mtu mmoja anavyoungana na mwenzake katika maoni au kutengana naye.

Huenda mtu akauliza kwa nini nimechagua hilo. Ninazo sababu mbili. Ya kwanza ni mtihani. Mwanafunzi wa sekondari hujibu karibu masomo yote kwa Kiingereza, na katika insha, barua na midahalo hutakiwa kila mara kueleza watu wanaonaje jambo fulani. Ya pili ni maisha baada ya shule. Ninyi mtakaa katika kamati, mtaandika kumbukumbu za mikutano, mtaandika barua za kueleza tabia ya watu wanaoomba kazi. Sentensi ya maoni ya wengi ndiyo inayompatia mtu kazi au kumnyima. Ni sentensi yenye nguvu, na chombo chenye nguvu hapana budi kukijua mpini wake na makali yake.

Wazee mnakumbuka historia ya lugha hii mashuleni. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 Kiswahili ndicho kilichotumika kufundishia katika shule za msingi za serikali, na Kiingereza kikabaki sekondari. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Ndugu Jackson Makweta, ilipendekeza sekondari nazo zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia. Sikuja hapa kufungua upya mjadala huo. Nasema tu kwamba mtoto wa Rungwe ambaye nyumbani husema Kinyakyusa, sokoni Tukuyu husema Kiswahili, na darasani huandika Kiingereza, anavuka mito miwili kabla ya kufika mezani. Yafaa tumwonyeshe mawe ya kukanyaga.

Kutaja wenye maoni

Muundo wa kwanza ndio mwepesi na ndio ulio wazi kuliko yote. Unamtaja mwenye maoni, halafu unataja maoni yake. "We think that the road should be repaired." "Most of the farmers believe that the price is too low." "All the teachers agree that she works hard." Hapa msomaji hapati taabu. Akiuliza ni nani asemaye, jibu liko mwanzoni mwa sentensi: sisi, wakulima walio wengi, walimu wote.

Katika muundo huu angalieni mambo matatu. La kwanza ni kwamba "everybody" huchukua kitenzi cha mtu mmoja: "Everybody thinks so." Mwanafunzi huandika "Everybody think" kwa kuwa anawaza watu wengi. Akumbuke Kiswahili chake mwenyewe. Sisi tunasema "kila mtu anafikiri", hatusemi "kila mtu wanafikiri". "Everybody" ni "kila mtu". Lakini "people" ni watu, kwa hiyo ni "people say".

La pili ni neno "agree". Neno hili ni kitenzi kamili, kama "kukubali", wala halihitaji kusaidiwa na "am" au "are". Katika midahalo yetu kila mwaka mtasikia kijana hodari akisimama na kusema kwa sauti kubwa, "I am agree with the speaker." Anayoyasema baada ya hapo huwa mazuri, lakini wasikilizaji wameshacheka. Ni "I agree", basi.

La tatu ni maneno madogo yanayofuata "agree", kwa maana kila moja lina kazi yake. Tunakubaliana na mtu: "We agree with the Chairman." Tunakubaliana juu ya jambo baada ya kulizungumza: "We agreed on the date." Tunakubali pendekezo lililoletwa na mwingine: "We agreed to the plan." Tunakubaliana kufanya kitu: "We agreed to meet at Katumba." Na tunakubali kwamba jambo ni kweli: "We agree that the roof leaks." Kiswahili nacho hutofautisha kukubali, kukubaliana na kuafikiana, ila sisi tunabadili kitenzi chenyewe, na wao wanabadili neno linalokifuata.

Inasemekana

Muundo wa pili ndio ulionifanya nichague somo hili. Ni ule unaoanza na "It is", kisha kitenzi cha kutendwa, kisha "that". "It is said that", inasemekana kwamba. "It is believed that", inaaminika kwamba. "It is generally agreed that", imekubalika kwa jumla kwamba. "It is feared that", inahofiwa kwamba.

Kosa la kwanza la wanafunzi wetu katika muundo huu ni kuiacha ile "it". Huandika "Is said that". Chanzo chake ni Kiswahili, wala si uvivu. Katika "inasemekana" kiambishi "i" mwanzoni mwa neno kimeshafanya kazi ya mtenda. Neno moja limetosha. Kiingereza hakina viambishi vya namna hiyo, na sentensi yake haiwezi kusimama bila mtenda. Kwa kuwa hakuna mtenda wa kweli, wao huweka "it" akae kwenye kiti. Basi vijana, kila mkitaka kuandika "inasemekana", ile "i" yake ndiyo "it" yenu. Msiiache njiani.

Kosa la pili ni kuandika "It is say that" au "It is believe that". Kitenzi lazima kiwe katika umbo la kutendwa: "said", "believed", "thought", "felt", "known".

Muundo wa tatu ni ndugu wa huo wa pili. Badala ya kuanza na "it", tunamchukua yule anayesemwa na kumweka mbele: "He is said to be honest." Kiswahili kinaweza pia: "Anasemekana kuwa mwaminifu." Jambo gumu hapa ni wakati. Kama jambo lipo sasa, tunasema "is said to be". Kama limekwisha pita, tunasema "is said to have been", au "is said to have done".

Nitoe mifano ya milima na maji ya hapa hapa kwetu, ili mwone kwamba sarufi hii ina kazi ya kweli. Tukisema "Lake Ngosi is a crater lake", tunasema jambo linaloonekana kwa macho. Kila aliyepanda hadi ukingoni na kuchungulia chini amejionea kwamba ziwa limo ndani ya kinywa cha mlima wa moto wa zamani. Hapo hatuhitaji kusingizia watu. Lakini mtu akitaka kusema kwamba Ngosi ni ziwa la pili kwa ukubwa katika Afrika miongoni mwa maziwa ya aina hiyo, jambo mnalolisikia mara nyingi likisemwa kwa wageni, basi mwandishi mwangalifu ambaye hakuyapima maziwa mengine yote ataandika: "Lake Ngosi is said to be the second largest crater lake in Africa." Amepeleka habari bila ya kujifanya shahidi.

Sasa tazameni milima miwili. Juu ya Mlima Rungwe wenyewe, wataalamu wa miamba wamechunguza matabaka ya majivu na mawe mepesi yaliyotapakaa wilayani na kukadiria kwamba mlima ulilipuka kwa nguvu kubwa yapata miaka 4,000 iliyopita. Hapo tutaandika: "Mount Rungwe is thought to have erupted violently about 4,000 years ago." Lakini juu ya Mlima Kiejo, habari kwamba ulitoa moto mara ya mwisho yapata mwaka 1800 imetoka katika masimulizi ya wazee, waliopokea kwa wazee wao. Hapo tutaandika: "Kiejo is said to have last erupted about 1800." Angalieni tofauti ya "thought" na "said". Ya kwanza inatuambia kwamba kuna watu waliokaa wakapima na kufikiri. Ya pili inatuambia kwamba kuna watu waliosimulia. Zote mbili ni habari za thamani. Mwanafunzi anayeyaweka maneno haya mahali pake anamwambia msomaji habari yenyewe na mlango ilikoingilia.

Kumhukumu mtu au kitu

Muundo wa nne ni wa kutoa hukumu moja kwa moja: tunamwona fulani kuwa hivi. "We consider her reliable." "We found the examination difficult." "We regard tea as our chief crop." "The class elected him leader." Hapa tatizo ni neno "as". "Regard" hulitaka siku zote. Hatuwezi kusema "We regard him honest". "Consider" inaweza kwenda bila ya hilo, na "find" hailitaki. Hakuna kanuni fupi ya kuyapanga. Ni ya kukariri, kama tulivyokariri majina ya mito.

Muundo wa tano nao ni wa hukumu, na ndani yake mna hekima inayonipendeza sana. Sikilizeni sentensi mbili. "It was brave of her to speak." "It was necessary for her to speak." Katika ya kwanza kuna "of", katika ya pili kuna "for". Kwa nini? Kwa sababu katika ya kwanza tunamsifu mtu: ujasiri ni wake yeye, umetoka kwake. Katika ya pili hatumsifu wala hatumlaumu. Tunaeleza hali iliyomkabili. Kwa hiyo ni "kind of you", "foolish of him", "generous of them". Lakini "hard for you", "possible for him", "important for them". Mwalimu akiandika "It was careless of the boy to leave the gate open", amemhukumu kijana. Akiandika "It was difficult for the boy to close the gate", ameihukumu komeo ya geti. Neno dogo moja ndilo linaloamua ni nani atakayeitwa ofisini.

Kuungana na mwenzio

Muundo wa sita ni wa mazungumzo: mtu amesema, nasi twataka kusema "hata mimi". Kama amesema kwa kukubali, tunajibu kwa "so". "I like bananas." "So do I." "I am from Kiwira." "So am I." Kama amesema kwa kukanusha, tunajibu kwa "neither". "I can't see the mountain for the mist." "Neither can I." Kitenzi kidogo cha msemaji wa kwanza ndicho kinachorudi: "am" kwa "am", "can" kwa "can", na pasipokuwepo kitenzi hicho huja "do".

Kuna kitendawili kingine hapa. Tukikubali kwamba jambo silo, "think" hujibiwa "I don't think so", lakini "hope" hujibiwa "I hope not". "Will it rain on Sports Day?" "I hope not." Kwa Rungwe, bila shaka, mvua huwa haisikilizi matumaini yetu.

Hatari kubwa zaidi iko katika "yes" na "no". Sisi tukiulizwa "Hujamaliza?" nasi kweli hatujamaliza, twajibu "Ndiyo", yaani ndiyo, ulivyosema ni kweli, sijamaliza. Tumekubaliana na maneno ya mwulizaji. Mwingereza haangalii maneno ya mwulizaji, anaangalia jambo lenyewe. Akiulizwa "Haven't you finished?" naye hajamaliza, atajibu "No, I haven't." Kijana wetu katika usaili wa kazi akiulizwa "You have never been dismissed from a job, have you?" akajibu "Yes" kwa adabu zote, akimaanisha ndiyo, sijafukuzwa kamwe, basi mwenye kuuliza huenda akasikia kwamba amewahi kufukuzwa. Dawa yake ni moja: usiishie kwenye "yes" au "no" tupu. Malizia sentensi: "No, I haven't."

Na ule mkia wa sentensi tunaouomba mwenzetu akubali, "sivyo?" au "si ndiyo?", kwetu ni mmoja kwa kila sentensi. Kwa Kiingereza hubadilika kufuata kitenzi. "You are coming, aren't you?" "She teaches here, doesn't she?" "They haven't paid, have they?" Ukiweka "isn't it" kila mahali umevalisha miguu yote kiatu kimoja.

Ni nani amejificha nyuma ya "it"?

Ndugu zangu, hadi hapa nimesema mambo ya daftarini. Sasa niseme lile lililonileta mbele yenu.

Turudi kwenye "It is felt that". Tuchukulie kwamba kuna karatasi ya taarifa ya mwanafunzi, na juu yake imeandikwa: "It is felt that this boy is not suited to further studies." Ni Kiingereza safi, hakina kosa hata moja. Lakini ni nani aliyeona hivyo? Ni walimu kumi waliokaa wakapitia alama zake, au ni mwalimu mmoja aliyekasirika Ijumaa? Sentensi haisemi. Mzazi atakayeipokea ataona kama kwamba shule nzima imesimama na kumnyoshea mwanawe kidole. Kama mwandishi angeandika "I feel that this boy is not suited", mzazi angeweza kuja kumwona mwalimu huyo na kumwuliza, "Mwalimu, kwa nini waona hivyo?" Lakini nani awezaye kwenda kumwuliza "it"?

Tuchukulie mfano wa pili. Kikundi cha wakulima wa maparachichi kinaandikiana barua na mnunuzi wa nje. Mkutano umefanyika. Watu arobaini walikuwapo. Kumi na watano walisema bei inafaa, watano walipinga, na ishirini walinyamaza kwa kuwa mvua ilikuwa inakuja na walitaka kuwahi nyumbani. Katibu, kwa kuwa ndiye ajuaye Kiingereza, anaandika: "It was unanimously agreed that the price be accepted." Kwa Kiswahili angethubutu kusoma mbele ya wanachama wale wale kwamba wamekubali "kwa kauli moja"? Wangemzomea. Lakini neno "unanimously" limepita mbele yao kama gari usiku. Kumbukumbu ya haki ingesema: "Fifteen members supported the price, five opposed it, and the rest did not speak." Ni ndefu zaidi kidogo. Lakini bei ikianguka mwakani na watu wakiuliza ni nani aliyeikubali, karatasi hiyo itasema kweli.

Wazee wetu walijua sana nguvu ya neno la wengi. Monica Wilson na mumewe Godfrey, wataalamu wa mila, walifanya utafiti Unyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, na mwaka 1951 Bibi Wilson alitoa kitabu kiitwacho Good Company, yaani ukwangala, ule uzuri wa kukaa pamoja na wenzako. Humo ameeleza vijiji vya rika, ambamo vijana wa umri mmoja walijenga pamoja na kuishi pamoja maisha yao yote. Ameeleza pia imani ya watu wa wakati ule kwamba mtu akimvunjia heshima mzazi wake, au akiwakosea majirani, majirani humnung'unikia, na manung'uniko yao humfikia kama baridi na kumwuguza. Nguvu hiyo ameiita kwa Kiingereza "the breath of men", pumzi ya watu.

Lakini ameeleza jambo jingine, na ndilo nitakalo vijana mlishike. Nguvu hiyo ilihesabiwa kuwa ya haki ilipotoka kwa watu, kwa kosa linalojulikana, kwa ajili ya kulinda kijiji. Mtu mmoja alipoitumia gizani kwa chuki yake mwenyewe, hiyo haikuwa tena pumzi ya watu. Huo uliitwa uchawi.

Sisemi kwamba tuirudie imani hiyo. Nasema kwamba wazee hao, bila ya kusoma sarufi ya Kiingereza, walijua tofauti ambayo "It is felt that" inaweza kuificha. Hukumu ya wengi ni kitu kizito. Ndiyo inayoweka adabu kijijini, shuleni na katika taifa. Kwa sababu ni nzito, mtu mmoja hana ruhusa ya kuiazima akafunika nayo maoni yake. Anayesema "inasemekana" wakati aliyesema ni yeye peke yake amevaa joho lisilo lake.

Wala msinielewe vibaya nikaonekana ninaupiga marufuku muundo huo. Una mahali pake pa haki. Unafaa pale ambapo wasemaji ni wengi mno kuwataja, kama katika habari ya Kiejo. Unafaa pale ambapo kila mtu anajua ni nani asemaye, kama katika kumbukumbu ambazo orodha ya waliohudhuria imewekwa juu yake na kura zimehesabiwa. Unafaa hata kwa huruma, pale ambapo kumtaja msemaji kungemdhuru mnyonge aliyetoa habari ya kweli. Neno langu ni kwamba tujue tunapoutumia, na kwa nini.

Maswali matatu na zoezi

Kwa hiyo nawaachia wanafunzi maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kuandika sentensi ya maoni ya wengi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili.

Kwanza: ni nani asemaye? Kama ni mimi, niandike "I". Kama ni sisi, je, nimewauliza wenzangu?

Pili: ni wangapi? "All", "most", "many", "some" na "a few" ni vipimo, kama debe na kibaba. Mfanyabiashara anayeita kibaba debe tunamjua jina lake.

Tatu: wamejuaje? Wameona, wamepima, wamefikiri, au wamesikia? Hapo ndipo utakapochagua kati ya "known", "thought" na "said".

Na zoezi ni hili. Walimu wa Kiingereza wanaweza kulitumia Jumatatu. Andikeni kwa Kiingereza sentensi tano hizi, kila moja mara mbili: mara ya kwanza kwa kumtaja mwenye maoni, mara ya pili kwa kuanza na "It is" au "It was". Kisha jadilianeni ni ipi iliyo ya haki zaidi, na kwa nini.

1. Inaaminika kwamba daraja la zamani lilijengwa na Wajerumani.
2. Walimu wengi wanaona kwamba wanafunzi wasome magazeti zaidi.
3. Inasemekana kwamba mvua za mwaka huu zitachelewa.
4. Wanachama kumi na wawili kati ya ishirini walikubali ada iongezwe.
5. Watu wa kijijini wanamwona katibu kuwa mwaminifu.

Mtagundua kwamba sentensi ya nne inakataa kugeuzwa. Ukiandika "It was agreed that the fee be raised", Kiingereza chako kitakuwa sahihi, lakini wale wanane watakuwa wametoweka. Watafuteni walikokwenda.

Ndugu wanafunzi wa zamani, sisi nasi ni kijiji cha rika cha namna yake. Tunakutana, tunakula pamoja, na leo mchana tutapitisha maazimio ya Umoja wetu kuhusu maktaba na paa la bweni. Namwomba Ndugu Katibu, kwa heshima zote, aandike maazimio hayo pamoja na idadi ya waliokubali na waliokataa, na vijana wabandikiwe nakala ubaoni waione. Hapo watajifunza Kiingereza kuliko kwa maneno yangu yote.